Benadetha na Filamu ya Watu wa Kusini

Benadetha ni mtu wa Ndanda, kule Kusini, mkoa wa Mtwara, na hata usipouliza atakuambia. Atakuambia korosho za madukani hapa Wheaton, Marekani, zimekaangwa na watu wasioijua korosho. Atakuambia Wamakua wa kwao ndio watu wa mwisho duniani wenye adabu. Mimi Violet ni wa Moshi, na tangu tuwe majirani kwenye jengo hili nimemtania sana kuhusu ile barabara yao ya zamani, iliyokuwa ikikatika kila masika. Yeye hunijibu kwamba Mchaga anaweza kumuuzia marehemu tiketi ya kuingia kaburini. Hivyo ndivyo tunavyopendana.

Anafanya kazi jikoni, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kazi yake ni kusaga chakula cha wale wasioweza kutafuna, na kila anachosaga anakionja kwanza, jambo ambalo wenzake wanaliona kichaa. Huko ndiko alikokutana na Afeni, mwalimu, Mmarekani Mweusi aliyesoma Kiswahili chuo kikuu. Shangazi yake Afeni alikuwa anatunzwa pale. Kiswahili cha Afeni kimenyooka kama sare iliyopigwa pasi, na siku moja alimsikia Benadetha akinong'ona Kiswahili kwenye simu pale koridoni, akamfuata.

"Shikamoo, dada. Mimi huishi hapa, lakini asili ya familia yetu ni Kusini."

Benadetha aliweka trei chini akamkumbatia. "Kusini wapi, mwenzangu? Masasi? Newala?"

"Alabama," Afeni akasema.

Walicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Tangu hapo wakawa wanakutana Jumamosi kwenye maduka makubwa ya Wheaton, wanakunywa chai, mmoja anajifunza Kiswahili na mwingine anapumzika kutokana na Kiingereza. Na mtu akipumzika anasema mengi. Benadetha alimweleza Afeni habari za Gervas.

Gervas ni kaka yake mkubwa, fundi umeme huko Sterling, Virginia, kwenye yale majengo ya kompyuta yasiyo na madirisha. Mama yao alipofariki, karatasi za Benadetha za kuishi hapa zilikuwa bado hazijatoka, na angeondoka asingerudi. Gervas akaenda peke yake. Alimzika mama, akakaa hadi arobaini, zikagawiwa nguo za marehemu kwa ndugu kama ilivyo desturi. Sasa, katika nguo za mama kulikuwa na kanga ambayo Benadetha alikuwa amemtumia kutoka Kariakoo, kabla hajaja huku, kwa mkono wa binamu. Aliichagua kwa maandishi yake, akakataa kanga nyingi kabla ya hiyo. Siku ya arobaini alipiga simu, akamwomba kaka yake amwekee ile moja tu.

"Haipo," Gervas alisema.

Benadetha alimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika yote. La mwisho lilikuwa kwamba amemgawa mama kama nyama ya sikukuu. Akakata simu. Wakakaa miaka hawasemezani, watu wawili wanaotenganishwa na mto mmoja na foleni ya magari. Pasaka iliyopita Gervas akapiga kusalimia. Akaanza kuja baadhi ya Jumapili, anakula, anazungumzia baridi, anaondoka. Habari ya kanga hakuna aliyeigusa. Benadetha alikuwa anaishi kwa hofu kwamba neno moja tu likiteleza, kaka atapotea tena, na safari hii hatarudi.

Ndipo likaja suala la filamu.

Afeni alikuwa ameandika mchezo wa kuigiza kuhusu familia iliyovurugika huko Alabama. Ulichezwa kwenye ukumbi wa kanisa, Benadetha akaukosa kwa sababu ya zamu. Halafu Afeni akapata watu wa kuufanya filamu, wakakodi nyumba kuukuu ya mbao nje ya Gaithersburg, ikawa ndiyo Alabama yao. Benadetha akaombwa apeleke chakula. Alifika na sufuria ya pilau, akachungulia dirishani. Ndani kulikuwa na kaka na dada wamevaa nguo za msiba, wanafungua sanduku la mama aliyekufa na kunyang'anyana vilivyomo.

Aliiacha sufuria kwenye ngazi akaondoka.

"Violet, ameniuza," aliniambia jioni ile. "Nimemwambia siri ya nyumbani kwetu, ameifanya movie."

"Si umuulize."

"Nikimuuliza na ikawa kweli?"

Nilimwambia aache uoga. Ni rahisi kusema hivyo kama kaka si wako.

Wiki kadhaa baadaye ukaja mwaliko. Afeni, kwa moyo mweupe kabisa, aliuandika kwa Kiswahili na kuutuma kwa simu: "Familia ya Kusini. Filamu kuhusu ndugu waliogombana baada ya kifo cha mama." Alabama hakuitaja. Kwake yeye Kusini ni moja tu. Basi mwaliko ukasambaa kwa watu wa Mtwara na Lindi wote wa eneo hili, kutoka Virginia hadi Baltimore, na kila aliyeupata aliongeza maneno yake: hatimaye nasi tumekumbukwa. Gervas akapiga simu. Nilikuwepo.

"Bena, hii movie ya watu wa Kusini, aliyei-forward anasema ni ya yule rafiki yako."

"Ndiyo, Kaka."

"Mama kafa, watoto wanagombana."

"Ndiyo, Kaka."

"Haya. Nitakuja."

Jumapili ya kuonyeshwa filamu, mchana, ukumbi wa kanisa ulijaa. Watu walikuja na vitenge vyao na mifuko ya korosho, mzee mmoja wa Newala amevaa suti ya harusi. Gervas alikaa kulia kwa Benadetha, mimi kushoto. Niliogopa pamoja na Benadetha, sitaficha. Taa zikazimwa. Picha ya kwanza ikaonyesha barabara ya udongo mwekundu, na watu wakapiga makofi.

"Masasi hiyo," mzee wa Newala akasema.

Ikaja nyumba ya mbao, ikaja familia ya Wamarekani Weusi, wakaanza kuzungumza Kiingereza kile cha kuvuta maneno.

"Mbona hawa wa Masasi wanaongea hivi?" mzee akauliza.

Mkenya aliyekuwa anaendesha mitambo, Mutai, akajibu kutoka nyuma: "Mzee, hii ni South ya Alabama. Si ya kwenu."

Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Watu wa Kusini wamevaa hivyo, wamepanda magari, kuja kuangalia Alabama! Lakini hakuna aliyeondoka, kwa maana ugomvi ulishawanasa. Wakawa wanaijibu filamu, wanamkaripia kaka, wanamshauri dada. Mle sandukuni kulikuwa na blanketi la viraka ambalo mama alilishona kutokana na nguo za watoto wake za utotoni. Kaka na dada walilivuta, huyu huku na yule kule, mpaka likararuka katikati. Kila mmoja akatoka na nusu yake kwa mlango wake. Filamu ikaishia hapo.

Taa zilipowaka Afeni alisimama mbele, uso umemshuka. "Ndugu zangu, naomba radhi. Nilisahau kwamba nanyi mna Kusini yenu."

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Gervas akainuka. Benadetha akafumba macho.

"Mwalimu, yule kaka ni nani?"

"Ni mjomba wangu," Afeni akasema. "Yeye na mama yangu walilirarua lile blanketi kweli, kabla sijazaliwa. Nusu ya mama ninayo. Ile nyingine sijawahi kuiona, na wote wawili wameshakufa."

Nilisikia pumzi ikimtoka Benadetha kama mtu aliyetua ndoo. Hakuuzwa. Afeni alikuwa na msiba wake mwenyewe, na wala hakuhitaji kuazima wa mtu. Nikadhani mambo yameishia hapo, nikaanza kutafuta koti langu.

Gervas akakaa. Alitazama mikono yake.

"Bena, ile kanga sikumgawia mtu."

"Kanga gani, Kaka?" Alijua ni ipi.

"Nilimfunika nayo mama ndani ya jeneza. Wewe hukuwepo, nikaona angalau kitu chako kiwepo. Ulipoiomba ilikuwa imeshazikwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikata simu. Halafu nami nikanuna."

"Miaka yote hiyo umenuna tu?"

"Ndiyo."

Benadetha akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na mimi wa Moshi nikatafuta neno la utani nikalikosa. Nikampa korosho. Alikaa ameishika mkononi bila kuila.

"Maandishi yalikuwa upande gani?" akauliza mwishowe.

"Niliyaelekeza kwake," Gervas akasema. "Si ulimwandikia yeye?"

Benadetha alimshika kaka yake mkono, wakakaa hivyo mpaka Mutai akaja kukunja viti.