Damu Ikirudi, Si Ujana

Dada mkubwa wa mama yangu, ambaye sisi watoto tulimwita mama mkubwa, alikuwa na shamba la korosho Kilangala. Nilikuwa bado shule ya msingi alipokuja kututembelea Kilwa Masoko, akakaa jikoni na mama, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Alikuwa anasimulia kwamba ameota ujana. Alishakoma hedhi miaka mingi, na sasa damu imerudi. Wanawake wenzake kijijini walikuwa wamempigia vigelegele, wakamtania kwamba mumewe ajiandae kulea.

Damu ile haikukoma. Alipewa mizizi achemshe, akanywa. Alipofikishwa hospitali tumbo lilikuwa limevimba na miguu imejaa, na waliompeleka walirudi naye baada ya kuambiwa hakuna la kufanya. Alizikwa masika ya mwaka uleule. Matangani watu walisema ni ugonjwa wa tumbo, basi, na mimi nikakua nikijua hivyo.

Mama yangu ni kungwi. Wasichana waliovunja ungo na maharusi watarajiwa huletwa kwake awafunde, na sijawahi kusikia jambo la mwili wa mwanamke linalomtia haya. Lakini la kwake mwenyewe alilificha. Nililigundua nikiwa nimeshaolewa, siku niliyopita nyumbani kwa wazazi mchana, nikamkuta uani anafua kanga moja peke yake, na yeye hufua Jumamosi tu.

"Mama, unafua nini?"

"Nafua kanga. Kwani huoni?"

Nikaona maji ya beseni. Akaona nimeona, akacheka. "Na mimi nimeota ujana, mwanangu."

Sikucheka. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia, jikoni kwake, nikiwa mtoto. Nilimwambia avae, twende hospitali. Akasema kesho ana mwari wa kumfunda. Nikamwambia mwari atasubiri, hata bibi harusi husubiriwa. Baba, ambaye kwa kawaida huwa haingilii mambo ya wanawake, alitoka barazani akasimama mlangoni. "Nenda na mtoto," akasema, na mama akaenda kuvaa.

Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akauliza bila kuzunguka: damu imeanza lini, inatoka kiasi gani. Alipopima kwa mashine ya picha, alituambia kuta za kizazi zimenenepa kuliko zinavyotakiwa kwa mama wa umri ule. Ilibidi kipande kidogo cha nyama kichukuliwe kikapimwe. Majibu yalipotoka, tukaambiwa ni saratani ya kizazi, na twende Dar es Salaam.

"Ile ya mlango wa kizazi wanayoitangaza redioni?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Ile ni ya mlangoni. Yako imeota ndani ya nyumba yenyewe."

Mama akafikiri. "Nyumba hiyo wapangaji walishahama zamani, daktari. Ibomoeni tu. Mpangaji wa mwisho ndiye huyu hapa anayelia."

Kweli nilikuwa nalia, nikaanza kulia na kucheka pamoja.

Dar tulifikia kwa kaka yangu Mbagala. Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na mama, kabla hajakubali kulazwa, alimuuliza swali ambalo mimi sikuthubutu. "Nitapona au mnanijaribu?"

Yule mzee alisema uhai ni wa Mungu, yeye hatoi ahadi. Lakini alisema alipoanza kazi, wanawake wenye ugonjwa huu waliletwa wakiwa wamebebwa, na wengi hakuwaona tena. Siku hizi wapo wanaokuja mapema, kwa miguu yao, damu ikiwa ndiyo kwanza imeonekana. Hao wengi wao anakutana nao miaka na miaka baadaye. "Wanakuja kliniki kunigombeza kwamba foleni ni ndefu," akasema. Mama akamwambia basi na yeye atakuja kumgombeza.

Alitolewa kizazi, na baadaye akapigwa mionzi. Sitasema ilikuwa rahisi. Kuna wiki alitapika hata uji, na jirani yake wa kitandani, mama mmoja mcheshi kutoka Lindi aliyekuwa amechelewa kuja, alifariki tukiwa palepale. Kesho yake mama yangu aliomba kanga zake safi, akajifunga, akaanza kutembea kwenye ukumbi.

Tuliporudi Kilwa tulikuta baba amejifunza kupika. Alikuwa hajawahi kushika mwiko, na sasa alitutengea wali wa nazi na pweza. Wali ulikuwa mbichi katikati na umeungua chini. Mama alikula wote. "Huyu ndiye atakayeniua," akaninong'oneza, "na si saratani." Amekuwa akimfundisha mpaka leo, na siku hizi pweza wa baba anasifiwa mtaa mzima.

Kilichofuata hakuna aliyemtuma mama kukifanya. Siku ya kumfunda bibi harusi mmoja, wanawake wakiwa wamejaa ndani na ngoma imekolea, mama alisimama, akawanyamazisha wapigaji. Akasema mwari amekwisha kufundwa, sasa anawataka wale waliokoma hedhi. Akawasimulia habari za dada yake na za kwake, akalitaja neno lenyewe, saratani, mbele ya watu wote. Kisha akaanzisha wimbo: *damu ikirudi si ujana, shoga, damu ikirudi kimbia*. Kwanza wakaitikia kwa aibu, kisha kwa nguvu, na bibi kizee mmoja akacheza mpaka kilemba kikamvuka.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mkulima wa ufuta kutoka Rondo, alikuwemo. Usiku ule alilala kwangu. Asubuhi tukinywa chai, alinivuta pembeni akaniambia na yeye ameona matone, machache tu, na alidhani ni uchovu wa kupalilia. Tulikwenda naye siku ileile. Wakakuta ugonjwa ndiyo kwanza umeanza. Yeye alitolewa kizazi tu, mionzi hakuhitaji, na msimu wa kuvuna ufuta ulimkuta shambani kwake, akiwafokea watu wake.

Mama alimwonea wivu waziwazi. "Sisi tumeungua huko, wewe umepita kama umekwenda kung'oa jino."

"Si wewe uliyeniambia nikimbie?" wifi akamjibu.

Na mimi nilimuuliza yule daktari binti kuhusu hali yangu, kwa kuwa damu ya familia ni ileile. Alinipima, akanieleza la kuangalia, akaniambia niwe namwona hata nikiwa sina kinachouma. Ninafanya hivyo. Siogopi kama nilivyodhani ningeogopa.

Mwezi uliopita niliwasindikiza mama na wifi kliniki Dar. Foleni ilikuwa ndefu kweli. Yule daktari mwenye mvi alipopita, mama alimsimamisha na kumgombeza kwa sauti, watu wakageuka, na yeye akacheka mpaka akavua miwani. Pembeni alikaa mama mmoja mgeni, ameshika mkoba kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Mama aliacha mzaha, akasogea karibu naye.

"Umetoka wapi, shoga? Umekula?"