Miti ya Makaburini

Sisi wa Maposeni tulikuwa hatukati mti makaburini. Hata ufito wa banda la kuku, hata kuni ya kuchemshia uji wa mgonjwa. Baba alipokufa tulimzika humo, kwenye kichaka cha mababu nyuma ya shamba letu la mahindi, na mama akatuonyesha nafasi iliyobaki ubavuni pake. "Na mimi mtanileta hapa. Msije mkanitupa kwingine." Kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, aliingia na ufagio wake, akasafisha, akatoka bila kuvunja tawi.

Jirani yetu alikuwa mtu wa kisasa. Kichaka chao alikifyeka chote, akachoma mkaa, akapanda mahindi juu ya babu zake. Mama alimsema vibaya, na mimi nikamsema zaidi.

Ikaja miaka ile ya ruksa, kila mtu na biashara yake. Mkandarasi mmoja wa kutoka mbali akapewa kazi ya kujenga nyumba za walimu, na mkataba wake ukamruhusu kupasua mbao kwenye misitu ya serikali iliyo karibu. Basi serikali ikaanza kuitafuta misitu yake. Bwana Miti, ofisa wa misitu, alifika kwetu, akamwamkia mama shikamoo, akanywa togwa yetu mpaka akashukuru, halafu akasimika bikoni ya zege, alama ya mpaka, mwisho wa shamba, kichaka chetu kikabaki upande wa serikali. "Palipo na miti ya asili ni msitu, mama." Jirani hakuguswa. Yeye hakuwa na mti, kwa hiyo alikuwa na shamba. Loo!

Nilimsindikiza mama hadi ofisini, Songea mjini. Bwana wa ardhi alitusikiliza kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi.

"Umeendeleza nini pale?" akamwuliza.

"Nimepatunza."

"Kutunza si kuendeleza, mama. Ungekuwa umelima, ningekutetea."

Nilitaka kumtukana. Mama akanibana mkono, akasema, "Asante, mwanangu," tukatoka. Watu husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wale walimnyonga, na haki yake wakaipasua mbao.

Mninga uliokuwa kichwani pa baba uliangushwa ukavunja msalaba wake. Novemba mama akaenda na ufagio kama kawaida, mlinzi akamzuia kwenye bikoni: haingii mtu hifadhini bila kibali. Hifadhi gani? Vilibaki visiki vitupu! Mkandarasi alishaondoka na magogo yake, sheria ikabaki inamlinda nani sijui. Mama alifagia upande wa huku, njiani wanapopita watu, akasali hapohapo.

Miaka michache baadaye akaugua, na sote tulijua haponi. Nikamwambia nitakwenda kumwombea kibali azikwe pale alipotaka.

"Nikaombe ruhusa ya kulala na mume wangu? Ebo!" Akapumua kwa shida. "Nizikeni hapa uani. Na msinipandie mti, hata ua. Wakiuona umekua, watakuja kuwahamisha na ninyi."

Tukamzika nyuma ya jiko, kwenye udongo mtupu. Wajukuu hula maembe wakatupa kokwa ovyo, na mvua zikianza miche huota juu yake. Mimi, niliyelelewa nisivunje hata tawi makaburini, huing'oa yote kabla haijashika mizizi.