Marehemu wa Kila Alkhamisi

Enzi zetu pale Ibra, Omani, mtoto wa Kizinjibari alikuwa na skuli mbili. Ya kwanza ilikuwa ya serikali, ya kuta nyeupe na jua la uwanjani, ambako tulifunzwa nahau na hisabu, na wenzetu wakatucheka kwa namna tulivyoitamka herufi ya Kiarabu ya ‘ain. Ya pili ilikuwa sebuleni kwa Bi Salama, kila Alkhamisi baada ya swala ya alasiri, na huko aliyetucheka ni Bi Salama mwenyewe.

Watoto wa leo wakisikia hivyo hunionea huruma. Wao mtu akisoma saa moja huhitaji kupumzika mbili. Sie Alkhamisi tulianza kwa kuosha zulia, tukacheza rede kwenye vumbi mpaka nguo zikabadilika rangi, tukaosha miguu na vichwa kwenye mfereji wa falaji uliopita nyuma ya mitende, ndipo tukaenda kwa Bi Salama na nywele mbichi. Na tulikimbia, si kwa kupenda ilmu. Tulisikia harufu ya kaimati zikikaangwa tangu kwenye kona.

Bi Salama alikuwa jirani yetu, mjane, mwembamba kama uzi, aliyesomesha miaka mingi Unguja kabla ya kuja Omani. Wengine walikuja na vito na vyombo vya kaure. Yeye alikuja na sanduku moja la nguo na daftari nene alilolinakili kwa mkono wake, la utenzi mrefu wa mshairi mmoja wa zamani sana. Alipoona watoto wa mtaani twasema “kitabu yangu” na “nyumba mkubwa”, hakugombana na mtu. Aliwapelekea mama zetu ujumbe kwamba tuletwe, na wanaopenda kaimati watangulie.

Bi Salama hakutusomesha mshairi huyo mzima mzima. Alisema mchuzi huonjwa kwa ncha ya kijiko. Basi alikata makasha ya biskuti vipande vipande, akaandika kwenye kila kipande mstari mmoja, ile mistari inayojulikana na wakubwa, akatugawia. Kila mtoto alikaa na mstari wake mwezi mzima, aujue, aueleze, autumie nyumbani. Kila mara alianza kwa kusema, “Marehemu kasema.” Sie tukaamini kuwa Marehemu ndilo jina lake. Mdogo wangu Badria alimuuliza siku moja mbona huyu Ami Marehemu haji hata mara moja kunywa chai. Bi Salama akamjibu kwamba ana udhuru.

Binamu yangu Nasor, mtoto wa Ami Seif, alipewa “Maji yasiyo mkondo, hayendi ila hunuka.” Tangu siku hiyo hakukalika naye. Akiambiwa akae afanye kazi ya skuli, anasema maji yasiyo mkondo, huyo yuko nje na mpira. Mie nilipewa mgumu: “Mtu asotuza lake, la mwenziwe hatotuza.” Bi Salama alinieleza kwamba kutuza ni kutunza, na asiyetunza chake hawezi kukitunza cha mwenziwe. Nilifahamu, lakini ulimi haukufahamu. Kila nikifika “hatotuza” nilijikwaa, Nasor akaanguka kwa kicheko.

Nyumbani wakubwa walifurahi kupita kiasi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemsoma mshairi yule zaidi ya ile mistari, lakini wote walimtaja kama mtu waliyekula naye sahani moja. Baba akiombwa ruhusa asiyotaka kutoa, humtaja Marehemu. Mama akitaka kumsema jirani bila ya kumsema, humtaja Marehemu. Mzee wetu wa ukoo, Babu Humud, alidai kwamba baba yake aliwahi kushikana naye mkono, na hakuna aliyethubutu kuhesabu miaka.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya Nasor. Asubuhi moja alichelewa skuli ya wavulana. Mwalimu alipomuuliza sababu, yeye, badala ya kuomba radhi, akasimama wima akamsomea mstari wake kwa Kiswahili. Mwalimu hakujua neno. Akamuuliza kijana wa dawati la mbele amesema nini, na yule kijana, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, akafasiri neno moja tu alilolijua. Akasema, “Anasema unanuka.”

Ami Seif aliitwa skuli. Alirudi na uso wa kufungwa, na jioni ile ile akatangaza kwamba darasa la Bi Salama lifungwe. Alikuwa karani wa ofisi ya serikali, mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakata, na alikuwa na hoja zake. Alisema watoto hawa nchi yao ni hii, lugha yao ni ya hapa, na Kiswahili kitawarudisha nyuma. Aliyasema yote hayo kwa Kiswahili safi cha Unguja mjini, maana Kiarabu chake hakikutosha kukikataza Kiswahili.

Nacheka sasa, lakini siku zile nilipoteza usingizi. Kule skuli mie nilikuwa bubu. Nilijua jibu nikaogopa kulisema, nisije nikachekwa. Kwa Bi Salama ndiko nilikokuwa na mdomo. Nilimuuliza mama kama kweli litafungwa. Akaniambia wakubwa watakaa Ijumaa, watatusikiliza sie watoto, kisha wataamua.

Ijumaa baada ya swala wakajaa majlisi, chumba chetu cha wageni. Babu Humud katikati, baba kando yake, Ami Seif amekaa na mgongo ulionyooka kama yuko ofisini. Wanawake walikaa chumba cha pili, mlango wazi, pazia limeteremshwa, na chini ya pazia niliiona ncha ya kiatu cha Bi Salama. Birika la kahawa lilikuwa likizunguka na sinia la tende. Tukaingia kwa mstari, tukatoa shikamoo, tukabusu mikono.

Nasor alisoma mstari wake bila ya kosa, macho chini, mbele ya baba yake aliyekuwa hajamsamehe. Wengine wakafuata. Zamu yangu ilipofika, Ami Seif aliteremsha kikombe akanitazama, na pale pale mstari wangu ukaondoka wote. Si “hatotuza” peke yake. Hata “mtu” sikumwona. Nikasikia pazia likitikisika. Nikajua kwamba nikinyamaza, Ami Seif atasema mmeona, miaka miwili ya kaimati na hawajui kitu.

Basi nikatazama kikombe chake nikasema neno lililonijia.

“Marehemu kasema: Asahauye atokako, kahawa yake haina utamu.”

Nikangoja ardhi ipasuke. Babu Humud akaanza kutikisa kichwa polepole, machozi yakamtoka, akazipangusa ndevu. Akasema mstari huo baba yake akiusoma kila asubuhi, na yeye hajausikia tangu atoke Unguja. Baba akasema hata yeye anaukumbuka. Mmoja baada ya mwengine wakakumbuka. Watu wazima wanane, vikombe mkononi, wakainywa kahawa yao wakasema Allah, kweli kabisa. Ami Seif alijaribu kutaja ule ufasiri wa kunuka, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mwisho na yeye alisema kwamba mstari huo anaujua, ila alikuwa anangoja kuona kama mtoto anaujua. Darasa likabaki.

Niliona fahari siku sita. Mstari wangu ulitembea kuliko gari. Ulisemwa kwenye harusi Sur, mtu wa kule akaja kuuleta Ibra kama mpya. Ami mmoja wa Nizwa aliuandikisha kwa khati nzuri, akautia fremu akautundika juu ya friji.

Alkhamisi tukaenda kwa Bi Salama kama kawaida. Tulisoma, tukala, wenzangu wakaenda zao. Mie akaniambia nibaki nimsaidie sinia. Tulipokuwa peke yetu jikoni akaniuliza bila ya kugeuka:

“Kipande cha kwanza mizani ngapi?”

Nikahesabu kwa vidole. Tisa.

“Na cha pili?”

Kumi na moja. Marehemu, sote tulijua, hakuzidisha nane maisha yake yote.

Nikaanza kulia. Nikamwambia kwamba nilisahau, na niliogopa watalifunga darasa. Akakausha mikono, akakaa kwenye kibao, akanivuta karibu.

“Mwanangu,” akasema, “kahawa haina sukari. Ni chungu kwa aliyesahau, na ni chungu kwa aliyekumbuka.”

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Lakini Bi Salama alikuwa mwalimu, na mwalimu wa enzi zile hakuweza kulala na kosa lisilosahihishwa. Ijumaa ya pili alivaa baibui lake akaja kwetu, akaomba kusema na wazee. Akawaeleza kutoka nyuma ya pazia kwamba mstari ule si wa mshairi, ni wa mtoto, na kwamba haikuwa haki waliweke darasa lake kwa uongo. Kama watalifunga, basi walifunge.

Mie nilikuwa nimekaa naye, nimemshika vidole. Nilimwonea huruma na nikajionea haya.

Wazee walimsikiliza kwa adabu zote. Kisha Babu Humud akasema, kwa upole, kwamba yeye ana umri wa kutosha kujua alichokisikia. Baba akakohoa. Ami Seif, ambaye wiki mbili nyuma alitaka lugha yote iondoke, akamtuliza Bi Salama kwamba haidhuru, huenda daftari lake lina kurasa zilizopotea.

Bi Salama aliaga vizuri. Tulipofika nje alishika ukuta akacheka mpaka akatoa leso kufuta macho, na sikujua mwisho kama kilikuwa bado kicheko.

Adhabu yangu niliipata. Kila siku baada ya alasiri, kasoro Alkhamisi ya darasa na Ijumaa, nilikwenda kumsomea daftari lote, beti kwa beti, kwa sauti. Ilichukua miezi. Mwanzo nilisoma kama anayebeba mawe. Kisha, sijui siku gani, nikaanza kuwahi. Maana kwenye vile vipande vya makasha Marehemu alikuwa mtu wa kuonya tu. Ndani ya daftari alikuwa mtu. Aligombana na jirani yake kwa ajili ya mbuzi beti arubaini nzima. Aliumwa na jino. Alimwonea wivu mshairi mwenziwe, akamwomba radhi, akamwonea tena. Alimlilia binti yake aliyekufa mdogo, na pale Bi Salama akaniambia nisome tena, akageuka dirishani.

Siku moja nikaufikia mstari wa Nasor. Kumbe maneno ya maji yasiyo mkondo hakuyasema mshairi. Aliyasema mwanamme mmoja mpuuzi ndani ya kisa, anayemkimbia mkewe, na mshairi anamcheka.

Nikamuuliza Bi Salama kwa nini hakutwambia tangu mwanzo kwamba mistari ile ina watu nyuma yake.

“Mngekuja?” akaniuliza.

Nilifika beti ya mwisho mwaka huo kabla ya Ramadhani. Alinipa mkono kama anavyopewa mtu mzima.

Darasa halikufungwa na Ami Seif wala na mtu yeyote. Lilifungwa na televisheni. Katuni za Alkhamisi zilianza alasiri ile ile, watoto wakapungua mmoja mmoja, kaimati zikabaki kwenye sinia. Bi Salama aliendelea na sie watatu, kisha wawili. Mtoto wake alipopata kazi Maskati alimchukua, akaenda na sanduku lake na daftari lake. Tulimzika huko, Mungu amrehemu. Daftari niliuliza habari zake. Wajukuu walisema lilikuwa kwenye kabati, kisha nyumba ikapakwa rangi.

Sasa mie ndiye bibi, na nina uhodari wote wa mabibi. Nawasema vijana. Nawaambia sie tulihifadhi, nyie mnabonyeza. Kila Ijumaa asubuhi simu yangu inalia, na kila anayenipenda ananiletea picha ya waridi linalometameta lenye hekima chini yake, jina la mwenye kuisema limeandikwa kwa dhahabu, na hakuna kati yao aliyesoma ukurasa wa mtu huyo. Nikiwauliza mizani ni kitu gani wananionyesha ya kupimia uzito.

Sikukuu iliyopita nilikuwa na wageni, nikalianza hilo. Nikawahadithia habari za Bi Salama, za daftari, za miezi yangu ya kusoma. Nikamaliza kwa kusema kwamba vijana wa leo hawana lugha, na kwamba mtoto wangu mwenyewe, mhandisi mzima, hawezi kusema sentensi moja ya Kiswahili isiyochechemea. Wageni wakacheka. Yeye alikuwa akiwamiminia kahawa. Hakukasirika, si tabia yake. Alimaliza kumimina kikombe cha mgeni wa mwisho, akasema taratibu:

“Mama, wewe ulisoma kitabu yote. Mimi ulinifunza shikamoo tu.”

Nilifungua mdomo nimsahihishe ile “kitabu yote”. Nikaufunga.