Mama Kipimo na Tepu Iliyovutika

Mke wangu hushona mapazia sebuleni kwetu. Hana bosi wala kibao mlangoni, lakini ukimsikia akipokea simu ya mteja utadhani nyuma yake kuna ofisi ya ghorofa tatu. Kwanza husimama. Kisha huvaa miwani, ingawa simu haisomwi. Ndipo husema, "Karibu sana, nakusikiliza." Mimi nikiwa na kitu mdomoni naacha kutafuna; ndiyo sheria ya nyumba.

Watu humwita Mama Kipimo. Katika daftari lake kila dirisha lina ukurasa wake, na mteja hutia sahihi chini. Aliyoyaona nyumbani kwa mteja hayafiki masikioni mwangu, na nimejaribu kumchimba miaka ishirini na sita. Mimi ni dereva mstaafu. Kazi yangu ni kubeba ngazi na kufunga mdomo. Ngazi naiweza.

Mwaka huu alipata kazi kubwa kuliko zote: madirisha ishirini na mawili ya zahanati mpya, mali ya daktari mmoja mwanamke asiyecheka hovyo. Ingefunguliwa Jumatatu. Kazi ikimridhisha, daktari angempa na madirisha ya nyumbani kwake. Ikiharibika, jina la Mama Kipimo lingegeuka kichekesho mtaa mzima.

Jumanne asubuhi mapazia yote yalikuwa yameshonwa na kupigwa pasi. Nikamkuta amekaa kimya mbele ya tepu mbili alizozilaza ubavu kwa ubavu: mpya, iliyogongomelewa kwenye meza ya kukatia, na ile kuukuu ya kitambaa anayotembea nayo mkobani. Ya mkobani ilikuwa imevutika. Kwenye mita mbili ilimzidi mwenzake kwa vidole viwili. Madirisha aliyapima kwa hiyo, vitambaa akavikata kwa mpya. Mapazia yote yalikuwa mafupi.

"Vidole viwili tu," nikasema. "Tuyatundike. Nani atachungulia?"

"Mimi."

"Basi sema kitambaa kimesinyaa."

Akanitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama abiria wasio na nauli. Akasimama, akavaa miwani, akapiga simu.

"Daktari, habari za asubuhi. Nimekosea vipimo. Kosa ni langu, si la kitambaa. Mapazia yote yamepungua vidole viwili. Naweza kuongeza ukanda chini, au nikate upya kwa kitambaa changu. Utakalochagua, Ijumaa saa nne yatakuwa yametundikwa."

Simu ikawa kimya. Nikasogeza sikio karibu na simu. Yeye hakuujaza ukimya ule kwa kulialia, alingoja.

"Usingeniambia, ningegundua lini?" daktari akauliza.

"Pengine usingegundua."

"Weka ukanda. Wa kijani."

"Nakuletea sampuli mchana, utie sahihi."

Ijumaa, saa nne kasoro robo, niliteremka ngazi kwa mara ya mwisho. Ukanda ulipendeza hata wauguzi wakadhani ndivyo ulivyokusudiwa tangu mwanzo. Mke wangu akawasahihisha: "Hapana, hayo ni marekebisho." Nilitamani kumziba mdomo, na papo hapo kifua kikanijaa kwa kujivunia.

Daktari alipita dirisha baada ya dirisha akikagua ukanda. Mwishowe akatoa funguo mkobani.

"Za nyumbani kwangu. Kesho nitakuwa kazini. Ingieni tu, mpime."

Nimeendesha magari ya watu miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kunikabidhi funguo za nyumba yake.

Kesho yake tukaingia. Mke wangu alikuwa na tepu mpya ya chuma, na kila dirisha alilipima mara mbili. Mimi macho yakaninasa kwenye picha moja kubwa ukutani.

"Mzee," akasema bila kugeuka, "dirisha liko huku."

Nikageuza shingo, nikaishika ngazi vizuri. Na ukiniuliza picha ile ilikuwa ya nani na nani, sikwambii.