Vichezeo vya Mbwa wa Mama

Niliporudi Ifakara kumtunza baba, kitu cha kwanza kilichonikera hakikuwa kikohozi chake wala bati linalovuja. Kilikuwa katambuga. Kiatu kimoja cha tairi, kimetafunwa ukingoni, kimelala katikati ya uwanja wa nyumba yetu ya Lumemo, na pembeni yake kokwa la tunda la mvumo lililobaki nyuzi tupu, na kipande cha kitenge kilichopigwa mafundo matatu. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vichezeo vya mbwa.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa mama. Kila msimu mama alihama naye kwenda shambani, ng'ambo ya Kivukoni, wakalinda mpunga pamoja mpaka uvunwe. Mama alipofariki, mbwa alibaki na baba na baba akabaki na mbwa. Kila asubuhi mbwa alimletea kile kiatu hadi miguuni, baba akakitupa, naye akakifuata na kukirudisha. Tangu msiba, ni wakati huo tu nilipomsikia baba akicheka.

Mimi ni mtu wa usafi, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Miaka kumi na moja nilitandika vitanda vya nyumba ya wageni Morogoro, na jicho langu lilishazoea kuona doa kabla ya kuona shuka. Kile kiatu kilikuwa kinanitia kichefuchefu.

Baba alikuwa na utaratibu wake, ila mimi sikuuheshimu. Kila Jumamosi alivikusanya vile vichezeo, akavisugua kwa majivu na sabuni ya mche, akavisuuza kwa maji mawili na kuvianika juu ya bati la banda la kuku. Misumari ya katambuga alikuwa ameing'oa kwa koleo, mmoja mmoja, kabla mbwa hajakigusa. Kitenge kikianza kuachia nyuzi, alizikata ili mbwa asizimeze. Mvua ikinyesha aliviingiza ndani, kwa sababu maji ya uwanjani kwetu hupita kwanza kwenye mashimo ya panya. Alinieleza yote hayo taratibu, nami nikaitikia "ndiyo, baba" huku nikiwaza kwamba uchafu ni uchafu tu.

Jumatatu moja baba alikwenda mashineni kukoboa mpunga. Nikaona huo ndio wasaa wangu. Vichezeo vyote vitatu nilivitupa kwenye shimo la taka, nikaingia stoo kutafuta kitu cha maana. Kwenye msumari lilining'inia gunia tupu, jeupe, halina hata tone la tope. Sikioni mwake palifungwa kitambaa chekundu. Nilikifungua, nikalikung'uta gunia mara tatu. Lilitoa vumbi, nikadhani ni la pumba. Lilinukia dawa kidogo pia, na pua yangu ya nyumba ya wageni ikaamua kwamba harufu ya dawa ndiyo usafi wenyewe.

Nililikata vipande virefu, nikavisuka na kupiga fundo kila upande. Ilitoka kamba nzuri. Mbwa aliinusa, akanitazama, akaichukua kwa adabu. Kile kitambaa chekundu nilikipeleka jikoni kuipulia sufuria.

"Umemtengenezea kipya," baba alisema aliporudi.

"Ndiyo, baba. Vile vya zamani vilikuwa vinatia aibu."

Alinishukuru, akakaa kumtazama mbwa akitafuna. Macho yake hayaoni vizuri tena, na magunia yakishakatwa yanafanana.

Kesho yake asubuhi mbwa hakuja na kitu. Tulimkuta nyuma ya banda la kuku, anatetemeka, mate yanamtoka, miguu ya nyuma haimbebi. Kamba yangu ilikuwa mbele ya pua yake. Baba aliinama kwa shida, akaiokota na kuinusa.

"Gunia hili ulilitoa wapi?"

"Stoo, baba. Kwenye msumari."

"Lilikuwa na kitambaa chekundu?"

Hapo nikakumbuka. Nyumbani kwetu gunia la mbegu hufungwa kitambaa chekundu, kwa sababu mbegu huchanganywa na sumu ya unga ili isiliwe na wadudu, na kitambaa humwonya mtu mwenye njaa asije akaitwanga. Hata gunia likiwa tupu kitambaa hakifunguliwi, maana halitumiki tena kwa kitu kingine chochote. Mama alinifundisha kabla sijaanza shule. Alinishika mkono, akanigusisha kitambaa na kunitaka niseme, "Hii si ya kula." Kwa hiyo nilikuwa najua. Sina pa kujificha, nilikuwa najua, na nikasahau kwa sababu nilijiona nimetoka mjini.

Baba hakufoka. Aliniuliza, "Na mikono ulinawa?"

Nilikasirika. Mbwa anakufa, yeye anauliza habari ya mikono. Nilikimbia kumfuata bwana mifugo. Alikuja na pikipiki, akamchoma sindano mbili, akatuambia bila kuficha kwamba sumu imeshatangulia. Mbwa alikufa saa sita mchana, kichwa chake juu ya mguu wa baba.

Tulimzika nyuma ya migomba. Kabla ya kufukia niliingia kwenye shimo la taka nikakitafuta kile kiatu, nilichokionea kinyaa, nikataka kukiweka kaburini.

"Hicho usikizike," baba alisema. "Kioshe."

"Baba, mimi sistahili kushika kitu cha mnyama yeyote."

"Kioshe. Atakuja mwingine, na magoti yangu hayainami tena."

Nilikiosha nikilia. Majivu, sabuni, maji mawili, kama alivyokuwa akifanya yeye. Nikakianika juu ya bati. Nilipogeuka nilimwona baba anatoka jikoni, kile kitambaa chekundu kimening'inia kwenye ncha ya fimbo yake. Alikitumbukiza kwenye shimo la taka, akarudi ndani na kutoka na jagi la maji na kipande cha sabuni.

"Leta mikono."

Kwetu mdogo ndiye humnawisha mkubwa. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona baba akimmiminia mtu maji, hata mama. Nilisita, nikamwambia nimeshanawa.

"Jana ulishika lile gunia, ukapika, ukala," alisema. "Leta mikono, mwanangu."

Nikaikinga. Alilishika jagi kwa mikono miwili, akamimina hadi kwenye viwiko. Lilipokwisha alikwenda kulijaza tena.