Gari Lisilopitisha Hata Upepo

Mume wangu alipostaafu ufundi wa reli, wenzake walinunua mashine za kusaga au wakajenga mabanda ya kuku. Yeye alinunua gari la kulala. Lilikuwa limetelekezwa nyuma ya gereji moja hapa Tabora na watalii waliofiwa na injini wakiwa njiani kwenda Kigoma. Baada ya misimu kadhaa ya mvua bado lilikuwa na kitanda, jiko la gesi, sinki, friji isiyopoza, na mende. Siku ya kwanza nilipovuta droo ya vijiko, nilidhani vijiko vinatembea.

"Hao wapangaji tutawatoa," alisema.

Nilimwambia nyumba tunayo, na mende wake ni wachache na wana adabu. Hakunisikia. Alikuwa na mpango wa kuifuata njia ya zamani ya misafara, kituo kwa kituo, kwa heshima ya babu zetu wa Kinyamwezi waliobeba pembe na marobota ya nguo mpaka pwani na kurudi. Wale wazee walitembea peku na kulala chini. Mjukuu wao alitaka kuwaenzi akiwa juu ya godoro la sponji, na feni ikimpepea miguuni.

Injini aliitengeneza, na hapo sina la kumsema, mikono anayo. Kilichomshinda ni wadudu. Alikaa na simu akitazama video za wageni wanaoishi ndani ya magari, watu wenye meno meupe wakieleza namna ya kuzuia sisimizi katika nchi ambazo sisimizi wenyewe ni wavivu. Alinunua kidude cha kuchomeka kwenye umeme kinachosemekana hutoa sauti ya kufukuza panya. Panya wakala waya wake. Alipaka mafuta ya mkaratusi milangoni, gari likanuka kama kifua cha mtoto mwenye mafua. Alizungushia majivu kila tairi, na kuku wa jirani wakaja kuoga humo.

Mwishowe akaamua kuziba. Alinunua mirija ya silikoni, ile gundi ya mafundi wa vioo, akajaza kila tundu na kila ufa. Alipomaliza nyufa akahamia kwenye madirisha, akayabandika yasifunguke tena. Kisha akapanda juu na kuziba kifuniko cha kutolea hewa, kwa kuwa alimwona nyigu akikizungukazunguka. Mlango akauwekea mpira mnene pande zote, ukawa haufungiki wala haufunguki mpaka uusukume kwa bega.

"Sasa hata upepo haupiti," aliniambia akiwa amesimama kifua mbele kama amejenga daraja.

"Na sisi tutavuta nini?"

"Wewe kazi yako ni kukatisha watu tamaa."

Majirani walikuja kulitazama na kulisifu. Niliwadharau wote. Hakuna hata mmoja ambaye angekubali kulala humo.

Safari ya kwanza, ya kulijaribu gari, ilikuwa kuelekea kusini, barabara ya Sikonge, mpaka Ipole, kwa dada yake wa ukoo, mtoto wa baba yake mkubwa, anayefuga nyuki. Tulipoingia kwenye misitu, mbung'o wakatupokea. Anayewajua mbung'o anajua kwamba wanapenda kitu kikubwa kinachotembea, na wanapenda rangi ya buluu. Ndiyo maana mitego yao, vile vitambaa vinavyoning'inizwa porini, hushonwa kwa buluu na nyeusi. Gari letu lilikuwa la buluu kutoka boneti mpaka bampa la nyuma. Tulikuwa tunaendesha mtego. Walijaa kwenye vioo, wakagonga bati kama mtu anayemwaga mahindi, na mume wangu akakaza usukani, jasho likimtiririka kwenye joto la gari lisilo na dirisha la kufungua.

"Umeona?" alisema. "Hakuna hata mmoja aliyeingia."

Uso wake ulikuwa umepauka. Nilidhani ni joto, nikamdharau pia kwa hilo.

Wifi yangu alitupokea uani kwake. Mume wangu akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akalizunguka gari lile polepole. Alikuwa ametutandikia kitanda cha wageni na kufunga chandarua kipya. Mume wangu akakataa. Alisema yeye na mkewe watalala garini, maana humo ndani hakuna mbu wala mbung'o.

"Wifi, na wewe?" akaniuliza.

"Mimi nimeolewa," nikamjibu, naye akacheka kidogo.

Kesho yake mchana mvua kubwa ikashuka. Mimi nilikuwa nimejinyoosha kitandani garini, kichwa kikiniuma kwa kukosa hewa. Mume wangu alitaka kupika maharage, gesi ikawa imekwisha. Badala ya kwenda jikoni kwa dada yake, hatua chache tu kutoka tulipoegesha, akaingiza jiko la mkaa.

"Mkaa humu ndani?" nilimuuliza.

"Umeshika moto vizuri. Hauna moshi."

"Fungua mlango basi."

"Nikifungua wanaingia."

Nilikuwa nimechoka kubishana na mtu aliyeamua kuwa adui wake ni nzi. Nikageukia ukutani, na usingizi ukanijia kwa urahisi usio wa kawaida.

Nilizinduka kwa sababu ya harufu ya maharage yanayoungua. Kichwa kilikuwa kinapasuka. Niliona mume wangu amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kabati, mwiko bado uko mkononi, mdomo wazi. Nikamwita baba, baba, hakuitika. Nilipojaribu kusimama miguu haikunitii. Nilitambaa mpaka mlangoni, nikasukuma kwa mkono, mlango ukakataa kwa sababu ya ule mpira wake wa kifahari. Nililala chali na kuupiga mateke. Kwa kila teke niliilaani silikoni. Ulipofunguka nikaangukia matopeni nikiwa natapika, na wifi akaja mbio kwenye mvua, khanga kichwani. Alimshika mume wangu miguu, akamvuta kama gunia mpaka nje, kichwa chake kikigonga ngazi. Mvua ikampiga usoni. Baada ya muda uliokuwa mrefu mno kwangu, akakohoa.

Bodaboda wawili walitupeleka zahanati, tukalazwa karibu na dirisha lililo wazi. Mhudumu alituambia sumu ya mkaa haina harufu, na kwamba kama maharage yasingeungua, huenda nisingeamka.

Tuliporudi, mlango wa gari ulikuwa bado wazi. Nilichungulia ndani nikitarajia angalau faida moja. Mende wawili wakatoka chini ya friji, wakapita kando ya jiko lililozimika, wakateremka ngazi bila haraka. Sijawahi kuchukia kiumbe kama nilivyowachukia wale.

Jioni tulikaa sebuleni kwa wifi. Nilikuwa nimejiandalia maneno, na yalikuwa makali. Kabla sijaanza, mume wangu akamwambia dada yake, "Unamkumbuka aliyenifuata?"

Wifi akaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo niliposikia, baada ya kuishi naye ujana wangu wote na kumzalia watoto, kwamba mdogo wake wa kike alikufa kwa malale, ugonjwa wa mbung'o. Walikuwa wakiishi porini baba yao alikolima tumbaku. Msichana alianza kusinzia na kijiko mdomoni. Watu walisema ni mvivu. Mama yao alimchapa kwa uvivu. "Na mimi nilimcheka," alisema. "Tulipokuwa njiani, nilipowasikia mbung'o kwenye vioo, nilikuwa namwona yeye mpaka Ipole."

"Ungeniambia," nilisema.

"Ungenidharau."

Sikuweza kukataa. Yale maneno makali nikayameza, ila si yote. Nilimwambia kwamba nasikitika kwa ajili ya yule mtoto, na kwamba kama angenifia mle ndani kwa sababu ya maharage, nisingemsamehe hata kaburini.

"Nimesikia, mama," alisema.

Asubuhi alichukua kisu akaanza kukwangua silikoni. Alifungua madirisha yote na kile kifuniko cha juu, akapigilia wavu wa chuma wenye matundu madogo kote isipokuwa mbele, na kitandani akafunga chandarua alichopewa na dada yake. Kabla hatujaondoka alinunua rangi nyeupe. Alipaka yeye mwenyewe, kwa brashi, na michirizi inaonekana mpaka leo.

Wadudu wanaingia. Sisimizi wanapanda kwa tairi, na juzi nilikuta kunguni kwenye godoro, jambo ambalo sijamwambia mtu wa kanisani. Gari bado nalidharau, na safari za misafara nazo. Ila anapopiga honi getini naenda. Nakaa mbele, nateremsha kioo changu chote, na mbung'o akiingia tukiwa mwendoni, mume wangu anasimamisha gari pembeni mpaka nimuue.