Mkeka Kwapani

Enzi zile tulipokuwa wadogo pale Nyangezi, hatukujua kwamba barabara ni kitu cha kupita. Kwetu ilikuwa kitu cha kukaa na kutazama, kama watoto wa leo wanavyokaa na kutazama simu. Ile njia ya zamani ya miguu, iliyotoka kwenye tambarare ya Ruzizi, ikapanda milima, ikapita mbele ya barza yetu na kushuka mpaka Bukavu, ndiyo ilikuwa sinema yetu. Watu wa Luvungi, kule tambarare, walikuja na mchele kichwani, wengine na ndagala waliokauka, na karibu wote walilala Nyangezi kabla ya kuendelea asubuhi kwenda soko la Kadutu. Walilala kwenye barza za watu. Ya kwetu ilikuwa pana, na Mama hakujua kumfukuza mtu.

Nikifumba macho, bado nasikia ile harufu: moshi wa mikaratusi, samaki walionyeshewa na mvua, na jasho la watu waliopanda mlima tangu alfajiri. Tuliacha kusukuma jante zetu, zile ringi za baiskeli, tukaenda kuangalia miguu yao. Vumbi la tambarare halikuwa vumbi letu, na sisi watoto tulijifanya mabingwa wa kulitambua. Majina yao hatukuyajua. Mwenye mchele tulimwita Papa Muchele, mwenye samaki Papa Ndagala, basi, yamekwisha. Siku moja nilimuuliza Mama kwa nini hawaulizi majina, akanijibu bila kugeuka: "Jina lake itakusaidia nini? Umupe maji."

Kabla ya kulala, Papa Muchele alichota konzi ya mchele akaimwaga kwenye sufuria letu. Jamani, wali huo! Nyumbani tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, kesho sombe na bugali, kwa hiyo ile konzi ya mchele ilikuwa Noeli yetu. Watoto wangu mimi wakiona wali wanakunja sura na kuuliza kama hakuna chipsi. 

Njia hiyo ilikuwa na desturi yake, na wenzangu wa rika langu wataikumbuka. Mgonjwa akishindikana kwetu, alibebwa kwenye kipoyi: miti miwili ya mianzi, na katikati mkeka wa nyumbani kwake. Wanaume wa kijiji chake walimbeba hadi mpaka wa kijiji, wakamtua chini, wanaume wa kijiji kinachofuata wakamwinua. Hakuna aliyeuliza huyu ni wa nani. Hivyo hivyo, bega kwa bega, mpaka hospitali kubwa ya Bukavu.

Kurudi ndiko kulikokuwa na maneno. Simu hazikuwepo. Waliobaki nyumbani walitazama kona ya njia tu. Mgonjwa akifariki, alirudi amefungwa ndani ya mkeka ule ule, mabegani mwa watu. Akifika mzima, mkeka ulirudishwa haraka siku hiyo hiyo, umekunjwa, mtu mmoja ameushika kwapani. Kwa hiyo ukiona mkeka kwapani, unaweza kupumua hata kabla hujaisikia sauti ya mtu.

Sasa niseme kwa nini haya yote yamenirudia mwaka huu, tena mbali kabisa na kwetu. Mdogo wangu Safari ananunua magari yaliyotumika huko Japani na kuyaleta Bukavu. Alinialika nikaone nchi hiyo, na Jumapili moja akanipeleka kwenye njia ya zamani ambayo watu wao waliipita kwa miguu kabla ya magari na treni. Tulitembea kwenye mawe yaliyopangwa vizuri, katikati ya miti mirefu, ukungu umeshuka mpaka mabegani mwetu. Tulikuwa tumepewa kengele ndogo ya kufukuza dubu. Safari aliitikisa akicheka, akasema dubu akija atamuuzia Toyota.

Tukaingia katika mji wao wa zamani wa kulala wasafiri. Wee! Nilisimama. Nyumba za mbao nyeusi zimeegemeana, kila moja na barza yake imeangalia njia. Maji yanakimbia kwenye mfereji kando ya mawe. Matunda yametundikwa kwenye kamba yakauke, na bibi mmoja amekaa mlangoni akitazama wapitao. Safari aliielekeza simu yake kwenye ubao wa maandishi, ikatafsiri, akanisomea kwamba zamani wabeba mizigo walifika hapo, wakatua, na wengine wakapokea mpaka mji unaofuata. Nikamwambia Safari: hapa ni Nyangezi. Akasema Nyangezi hakuna choo chenye kiti kinachopashwa moto. Huyo ndiye Safari. Kila kitu kwake ni mzaha, tangu kuzaliwa kwake.

Na kuzaliwa kwake ndiyo habari yenyewe.

Ilikuwa majira ya mvua. Barabara ya magari ilikuwa imekatwa na udongo ulioporomoka, na Papa yetu alikuwa Mwenga kwenye machimbo ya dhahabu. Uchungu ulimshika Mama tangu jana yake na mtoto hatoki. Masera, wale watawa wa kituo cha afya, walisema apelekwe Bukavu bila kuchelewa, vinginevyo watampoteza yeye na mtoto. Nyanya yangu hakuweza tena kutembea, kwa hiyo mimi, kifungua mimba, nikapewa kikapu cha nguo za mtoto nifuate kipoyi. Nilitembea nikiangalia mkono wa Mama uliokuwa umening'inia nje ya mkeka. Ulipokunja ngumi, nilijua anasikia maumivu, na nilifurahi, maana yake bado yuko.

Kijiji cha kwanza kilipokea. Cha pili kilipokea. Tukafika kwenye kijito kilichokuwa mpaka wa kijiji cha tatu, wabebaji wakatua na kupiga mbinja kuita. Hakuna aliyeitika. Wakapiga tena. Bibi aliyekuwa akilima ng'ambo akapaza sauti kwamba wanaume wote wameenda maziko nyuma ya mlima.

Leo mtu angesema, si mvuke tu? Lakini kuvuka na mgonjwa kwenye ardhi ya wenzako kulikuwa ni kuwaambia hawana wanaume. Watu waliwahi kuchomana mikuki kwa jambo dogo kuliko hilo. Mzee aliyeongoza wabebaji alivua kofia, akaivaa, akaivua. Alisema: "Tukivuka hii maji tunawatukana."  Na Mama pale kwenye mkeka, amefumba macho, mvua inamdondokea usoni. Nilichutama nikamkinga na kikapu. Sijawahi kuchukia desturi kama nilivyoichukia saa ile.

Ndipo wakatokea watu kwenye njia, wakitoka Bukavu kurudi kwao Luvungi. Walikuwa wamebeba chumvi, sabuni, vitenge na mafuta ya taa. Wa mbele alikuwa Papa Muchele. Alisimama, akainama, akamtazama Mama vizuri, kisha akawageukia wenzake.

"Huyu si ule maman wa barza? Wandugu, tueni mizigo."

Wao walikuwa wapita njia, hawakuwa na kijiji pale, kwa hiyo hawakumtukana yeyote. Mzee wa kofia alipoelewa hivyo, nilimwona ameshusha mabega kabisa. Papa Muchele alinishika kichwa: "Mutoto, weye ukae hapa, utuchungie mizigo. Tutarudia." Nilianza kulia nikisema ninaenda na Mama. Mama akafungua macho. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ukae. Watu wasipoteze chumvi yao juu yangu."

Wakamwinua, wakavuka, wakageuza nyuso zao walikotoka, kwenda kuupanda tena mlima walioushuka asubuhi. Walipita kwenye kona wakapotea.

Nikakaa juu ya mizigo. Mvua ilikatika. Nilinusa sabuni na mafuta ya taa, na mpaka leo nikifungua sanduku la sabuni mpya nageuka kuangalia njia. Yule bibi mkulima aliniletea kiazi cha kuchoma, nikakishika mpaka kikapoa mikononi. Macho yangu yalikuwa kwenye kona. Akatokea mchungaji na fimbo yake, nikadhani ni mti wa kipoyi. Wakatokea wanawake na vikapu. Akatokea mbuzi peke yake.  Niliomba Salamu Maria nikazichanganya zote, sijui hata niliomba nini.

Jua lilikuwa limeanza kushuka alipotokea mtu mmoja, peke yake, anatembea polepole. Kwapani ameshika kitu kimekunjwa.

Sikukimbia.  Papa Muchele alikuja mpaka mbele yangu, nyuma yake wenzake nao sasa wametokea kwenye kona wakitafuna miwa, akaniwekea mkeka wa Mama mapajani. "Ni mwanaume," akasema. "Na mama yako anaomba bugali." Mtoto huyo, kwa vile alitembea kabla ya kuzaliwa, tulimwita Safari.

Papa Muchele na wenzake walilala barzani kwetu kama kawaida na asubuhi wakaondoka. Jina lake mpaka leo silijui.

Njia ile sasa imemezwa na majani. Vijana wa Kadutu wanapanda moto, yaani pikipiki, kwenda kununua mkate ng'ambo ya barabara, na mgonjwa naye anapanda moto hiyo hiyo, amebanwa katikati ya dereva na ndugu yake, anapita mbele ya barza zetu na hatujui kama amepita. Sisemi ni vibaya. Moto ingemfikisha Mama mapema. Lakini alipofariki miaka miwili iliyopita, nilikuwa sokoni Kadutu nachagua nyanya. Simu ikalia, mtu akasema, nikawa nimejua. Nyanya bado zilikuwa mkononi. Hapakuwa na kona ya kutazama.

Kule Japani, tulipotoka kwenye ule mji, magoti yangu yalichoka. Safari akaniambia nikae na mikoba yetu kwenye daraja dogo, yeye atangulie kutafuta mahali pa chai. Alipotea kwenye kona. Nikakaa, maji yanapita chini yangu, ukungu unapita juu, sijui kama nilisinzia.

Kisha akatokea mtu mmoja, peke yake, anatembea polepole. Jua kidogo lilikuwa limetoka, naye alikuwa amevua koti lake, akalikunja na kulishika kwapani.

 Nilibaki nimekaa juu ya mizigo, mtoto wa Nyangezi, na kwa kitambo kile kidogo Mama alikuwa mzima.

"Dada, mbona unalia?" Safari akauliza. "Chai iko, ni hapa tu."

Nikamwambia aniazime lile koti kwanza. Nikaliweka mapajani.